Gurudumu Hushikwa na Nini? Ngoma na Habu za Zamani katika Ekseli ya Hotirodi

Dereva wa jeshi au wa polisi hufundishwa tangu siku zake za kwanza kwamba gari husifiwa zaidi kwa kusimama kuliko kwa kukimbia. Mwendo hutokana na injini, na injini huonekana na kusikika. Kusimama hutokana na vyombo vilivyojificha ndani ya gurudumu, ambavyo mwenye gari huvisahau mpaka siku vitakapokataa kazi. Wiki hii ukurasa huu unatazama kazi moja ya ufundi ambayo asili yake ni Marekani, lakini fundisho lake lamfaa kila mwenye kushika spana: kazi ya kufunga ngoma za breki na habu za zamani katika ekseli ya nyuma ya gari liitwalo hotirodi.

GARI LENYEWE

Hotirodi ni gari la zamani, aghalabu Ford la kati ya mwaka 1928 na 1948, lililopunguzwa uzito na kuongezewa nguvu ili likimbie kuliko lilivyokusudiwa na kiwanda. Mchezo huu ulikomaa kusini mwa jimbo la California, katika mabonde ya maziwa yaliyokauka, ambako ardhi ni tambarare na ngumu mithili ya sakafu. Mwaka 1937 vilabu vya vijana wa huko viliungana na kuunda Southern California Timing Association, chama cha kusimamia mashindano na kupima mwendo wa magari hayo.

Historia ya mchezo huu inahusiana na askari pia. Kiwanja mashuhuri cha Muroc kilichukuliwa na jeshi wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na leo ndipo ilipo kambi ya jeshi la anga ya Edwards. Wakimbiaji wakalazimika kuhamia ziwa kavu la El Mirage. Vita vilipokwisha mwaka 1945, vijana wengi walivua sare na kurudi makwao wakiwa na ujuzi wa kutengeneza injini za malori, za vifaru na za ndege. Wengi wao waliuingiza ujuzi huo katika magari ya zamani. Mwezi Januari 1948 jarida la Hot Rod lilianza kutolewa, na mwaka 1949 yakafanyika mashindano ya kwanza ya wiki nzima ya mwendo katika uwanda wa chumvi wa Bonneville, jimbo la Utah.

Gari lililopendwa kuliko yote lilikuwa Ford la mwaka 1932, lenye injini ya silinda nane iliyotoka kiwandani na nguvu za farasi 65. Nguvu hizo ziliongezwa kwa urahisi, lakini breki zake hazikuongezeka. Gari hilo lilisimamishwa kwa vyuma virefu vilivyounganisha pedali na magurudumu, bila mafuta ya breki. Henry Ford alivipenda vyuma hivyo na kuvishikilia kwa muda mrefu. Kampuni ya Duesenberg iliuza magari yenye breki za mafuta tangu mwaka 1921, na Chrysler tangu mwaka 1924. Ford lilizipata mwaka 1939.

Hapo yafaa kukumbuka kanuni moja ya darasani. Nishati ya gari liendalo huongezeka kwa mraba wa mwendo. Gari liendalo kilomita 100 kwa saa lina nishati mara nne ya lile liendalo kilomita 50, na nishati hiyo yote haina budi kugeuzwa kuwa joto ndani ya ngoma za breki. Kwa hiyo wakimbiaji walitafuta ngoma na habu za Ford za mwaka 1939 hadi 1948, zenye breki za mafuta na kipenyo cha inchi 12, wakazifunga katika magari ya miaka ya nyuma. Hata leo mafundi wanaotunza magari hayo huzitafuta ngoma hizo, wengine kwa ajili ya kazi yake na wengine kwa ajili ya sura yake.

JINSI SEHEMU HIZO ZINAVYOKAA

Ngoma ya breki ni chuma cha kusubu chenye umbo la sufuria, nacho huzunguka pamoja na gurudumu. Ndani yake kuna viatu viwili vya breki, vyenye umbo la mwezi mwandamo, vilivyokaa juu ya sahani isiyozunguka. Dereva akikanyaga pedali, mafuta husukuma pistoni za silinda ndogo iliyo kati ya viatu. Viatu hutanuka na kukaza ukuta wa ndani wa ngoma. Habu ndiyo kitovu cha yote: ngoma imefungwa kwake, gurudumu limefungwa kwake, nayo imefungwa kwenye shafti.

Sasa litazamwe jambo lenye uzito kuliko yote. Katika ekseli ya Ford ya miaka hiyo, ncha ya shafti imechongwa mfano wa pia, nene kwa ndani na nyembamba kwa nje. Tundu la habu nalo limechongwa vivyo hivyo. Baina ya hivyo viwili huingizwa kipande kidogo cha chuma kiitwacho kii, kinachokaa katika mfereji. Mwisho hufungwa nati kubwa, na nati huzuiwa isilegee kwa kotapini.

Fundi mgeni huiona kii, akadhani ndiyo inayolivuta gurudumu. Dhana hiyo ni kosa, na imevunja shafti nyingi. Kinacholishika gurudumu ni mgusano wa pia mbili zilizobanana. Nati huivuta habu ipande juu ya pia ya shafti, nyuso zikabanana kwa nguvu kubwa mno, na msuguano wa nyuso hizo ndio unaopitisha nguvu ya injini na nguvu ya breki. Kii huiweka habu mahali pake na kusaidia kidogo tu.

Mgusano ukiwa mbaya, habu hucheza kwa kiasi kisichoonekana kwa macho. Kila dereva akiondoka, habu husogea mbele kwa unywele. Kila akikanyaga breki, hurudi nyuma kwa unywele. Mchezo huo huigonga kii na kuulegeza mfereji wake, na mara nyingi ufa huanza katika kona ya mfereji huo, kisha shafti hukatika pale pale. Katika ekseli ya namna hii hakuna kitu kingine kinachoizuia habu isichomoke. Habu, ngoma na gurudumu hutoka kwa pamoja.

Hasara haiishii kwa gurudumu moja. Ngoma ikiondoka, viatu hukosa ukuta wa kusukuma. Dereva, kwa hofu, hukanyaga pedali kwa nguvu zake zote. Pistoni hutoka katika silinda, na mafuta ya breki humwagika. Magari ya miaka hiyo yalikuwa na masta silinda ya chumba kimoja kwa magurudumu yote manne. Kwa hiyo gari lililopoteza gurudumu moja huweza kupoteza breki zote katika sekunde hiyo hiyo.

Dereva aliyezoea Land Rover za zamani atasema kwamba yeye amewahi kuvunja shafti na gurudumu likabaki. Ni kweli. Katika Land Rover hizo habu hukaa juu ya beringi zake mbili na kufungwa kwa nati zake mwenyewe, na shafti hupita katikati kwa kazi ya kuzungusha tu. Gari likivunja shafti hukosa mvuto, lakini husimama juu ya magurudumu manne. Ford la miaka hiyo halina akiba hiyo. Ndiyo sababu mwenye kulifunga halina budi kuwa mwangalifu maradufu.

KUTOA BILA KUHARIBU

Kazi huanza kwa kuliweka gari salama. Magurudumu ya mbele yazuiwe kwa vigogo, na ekseli ikae juu ya vigoda vya chuma. Jeki ni ya kunyanyulia. Mtu asiingize mwili wake chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, na watoto wasiachwe kucheza karibu.

Habu iliyokaa juu ya pia kwa miaka 70 au zaidi haitoki kwa kubembelezwa. Hutolewa kwa pula ya skurubu, inayoshika habu yenyewe na kuisukuma ncha ya shafti. Nati isitolewe kabisa. Ilegezwe mizunguko michache na kuachwa pale, kwa maana habu ikiachia huruka kwa kishindo, na nati ndiyo itakayoizuia isimpige fundi. Wapo wanaopenda kuigonga ncha ya shafti kwa nyundo nzito. Pigo hilo husafiri katika shafti nzima mpaka kwenye gia na beringi za ndani, na ncha ya shafti hutanuka hata nati isipite tena. Subira ya nusu saa na pula hugharimu kidogo kuliko shafti mpya.

Ngoma na habu zikiwa zimeungana, kuna mtego mwingine. Katika ngoma nyingi za Ford za miaka hiyo, stadi za gurudumu zilipitishwa katika habu na ngoma, kisha chuma chake kikapondwa na kutanuliwa ili zisitoke. Fundi akizisukuma kwa nguvu za mashine kabla ya kuondoa sehemu iliyotanuliwa, stadi hupasua na kupanua matundu ya habu, na habu hiyo haitashika stadi mpya sawasawa. Sehemu hiyo hukatwa kwanza kwa kikeo chenye mdomo wa duara, ndipo stadi isukumwe.

KUPIMA KABLA YA KUFUNGA

Ngoma ya zamani huchunguzwa kwa sikio, kwa jicho na kwa kipimo. Ining'inizwe kwa kamba na kugongwa polepole kwa nyundo ndogo. Ngoma nzima hulia kwa mlio mrefu kama kengele. Yenye ufa hutoa mlio mfupi na mzito kama wa chungu kilichopasuka. Ikilia vibaya haina dawa, nayo itupwe. Ikilia vizuri, jicho litafute nyufa ndogo za joto katika ukuta wa ndani na madoa ya buluu yanayoonyesha mahali palipoungua. Kisha kipenyo kipimwe mahali pasipopungua patatu, maana ngoma iliyokaa ghalani miaka mingi huweza kuwa na umbo la yai.

Ngoma yenye umbo la yai au yenye mifereji hupelekwa kwa mkerezaji. Mkerezaji aambiwe mapema kwamba ngoma ikerezwe ikiwa imefungwa juu ya habu yake. Ngoma iliyokerezwa peke yake, kisha ikafungwa juu ya habu iliyopinda kidogo, itayumba tena, na dereva ataisikia pedali ikimdunda mguuni. Kwa ngoma za inchi 12, desturi ya mafundi ni kutozidi inchi 0.060, yaani milimita 1.5, juu ya kipenyo cha awali. Ngoma nyembamba kuliko hapo hushindwa kubeba joto, hutanuka, na breki hupotea kwenye mteremko mrefu, mahali zinapohitajika sana.

Viatu navyo vipatanishwe na ngoma. Ngoma iliyokerezwa ni kubwa kuliko viatu vilivyotengenezwa kwa kipenyo cha awali. Vitagusa katikati tu, na breki itakuwa dhaifu. Paka chaki katika ukuta wa ngoma, sukuma kiatu kwa mkono, utazame chaki ilipoganda. Kiatu chema huonyesha chaki katika sehemu kubwa ya urefu wake.

Ama kuhusu pia, kipimo chake ni rangi. Pia ya shafti na tundu la habu husafishwa mpaka chuma kitupu kionekane. Pia ya shafti hupakwa rangi nyembamba ya buluu ya mafundi, habu husukumwa juu yake bila kii, huzungushwa kidogo, kisha hutolewa. Rangi ikiwa imehamia karibu tundu lote la habu, mgusano ni mzuri. Ikihamia ukanda mwembamba upande mmoja, pia hizo haziafikiani, hata kama kwa macho zapendeza. Kasoro ndogo huondolewa kwa dawa ya kusagia vali: hupakwa kidogo, habu ikazungushwa huku na huku juu ya shafti, ikaoshwa, ikapimwa tena kwa rangi. Dawa yote ioshwe mpaka isibaki hata chembe, kwani chembe ikiingia katika beringi itaila.

Ikiwa tundu la habu limelika sana, habu hupanda juu ya shafti kupita kiasi na ngoma huanza kukwaruza sahani ya breki. Habu ya namna hiyo imemaliza umri wake. Ufa wowote katika mfereji wa kii, wa shafti au wa habu, humaliza mazungumzo.

EKSELI YA MIAKA YA BAADAYE

Mwaka 1949 Ford lilitoka na umbo jipya kabisa, na ekseli ya kale ikaachwa. Kuanzia mwaka 1957 ilikuja ekseli imara iitwayo ya inchi 9, ambayo wakimbiaji waliipenda kwa kuwa haivunjiki kwa urahisi. Wengi hutaka kuitumia ekseli hiyo huku gari likibaki na sura ya ngoma za kale. Hapo ndipo makosa ya kipimo huingia.

Ekseli hiyo haina habu ya kuchomoka wala pia. Mwisho wa shafti ni flanji, yaani uso wa duara ulio sehemu moja na shafti yenyewe, na ngoma huvalishwa juu yake. Kwa hiyo habu ya kale haiwezi kuingia humo. Ngoma ndiyo itakayotenganishwa na habu yake na kutafutiwa nafasi. Fundi huanza na duara la bolti. Magurudumu ya Ford ya mwaka 1940 hadi 1948 yana bolti 5 katika duara la inchi 5.5, yaani milimita 139.7, ilhali yale ya mwaka 1936 hadi 1939 yana duara pana la inchi 10.25. Magari madogo mengi yenye ekseli ya inchi 9 yana duara la inchi 4.5, lakini pick-up za F-100 zina lile lile la inchi 5.5. Ndiyo maana mafundi wengi huchagua ekseli ya F-100.

Hata hivyo duara la bolti si kipimo pekee. Suzuki ndogo za aina ya Jimny nazo zina bolti 5 katika duara la milimita 139.7, na hakuna mwenye akili atakayesema kwamba kwa sababu hiyo ngoma ya moja yaifaa nyingine. Kipimo cha pili ni tundu la kati. Ngoma hupata kati yake kwa ukingo wa duara ulio katika flanji, na tundu la ngoma yapasa livae juu ya ukingo huo bila kucheza. Tundu likiwa pana, mkerezaji hutengeneza pete ya chuma ya kuziba nafasi. Likiwa jembamba, hupanuliwa kwa mashine. Ngoma iliyotegemea stadi peke yake kupata kati yake huzunguka mshazari, na gari hutetemeka kila breki ishikwapo.

Kipimo cha tatu ni kina. Umbali kutoka uso wa flanji hadi sahani ya breki upimwe, ulinganishwe na kina cha ngoma, ili ukingo wa ngoma usiguse sahani na viatu vikae ndani kikamilifu. Kipimo cha nne ni urefu wa stadi. Ngoma ya kale ikiongeza unene, nati ya gurudumu hushika mizunguko michache tu. Kanuni ya fundi ni rahisi: nati ishike urefu usiopungua unene wa stadi. Stadi ya nusu inchi yataka nusu inchi ya nati, na zaidi ni heri.

KUFUNGA NA KUKAZA

Katika ekseli ya kale yenye pia, sili mpya huwekwa kwanza, na beringi hupakwa grisi kwa kiasi. Grisi ikizidi huvuja na kuvifikia viatu, na kiatu kilicholowa grisi hakifai tena. Pia ya shafti na tundu la habu vikaushwe kabisa. Kii iingie katika mfereji bila kucheza ubavuni, lakini isiguse paa la mfereji wa habu. Kii ndefu kupita kiasi huiinua habu, nati hukazwa, spana hugoma, na fundi hudhani kazi imekwisha kumbe pia hazijagusana.

Kwa Ford za injini ya silinda nane, mafundi wa magari hayo huikaza nati hadi karibu futi-paundi 200, yaani nyutoni-mita 270 hivi. Asiye na spana ya kipimo aweza kufikiri hivi: bomba la futi 4 likivutwa mwishoni kwa uzito wa paundi 50, yaani kilo 23 hivi, hutoa kiasi hicho hicho. Nguvu hizo hazipatikani kwa spana fupi ya mkononi. Tundu la kotapini lisipolingana na nati, nati huongezwa kukazwa mpaka lilingane. Kamwe isirudishwe nyuma. Baada ya safari fupi ya kwanza nati ikazwe tena, na tena baada ya siku chache, kwa sababu pia mbili huendelea kukaa mahali pake chini ya mzigo. Fundi aliyeona nati ikikubali kuzunguka kidogo siku ya pili ndiye ajuaye kwa nini hatua hiyo isirukwe.

Breki hujaribiwa uani kwa mwendo wa mtu atembeaye, kisha mahali pasipo na watu kwa mwendo wa wastani. Baada ya hapo kiganja kisogezwe karibu na kila ngoma bila kuigusa. Ngoma moja ikiwa na joto kuliko mwenzake, kiatu chake kinabana au kile cha upande wa pili hakifanyi kazi.

VUMBI NA WATU WA NYUMBANI

Jambo la mwisho linawahusu hata wasiojua kuendesha. Viatu vya breki vya zamani vilitengenezwa kwa asbestosi, madini yenye nyuzi nyembamba zisizoungua. Nyuzi hizo zikivutwa kwa pumzi huleta magonjwa ya mapafu, pamoja na saratani, ambayo huweza kujitokeza baada ya miaka mingi. Katika nchi kadhaa imeonekana kwamba walioathirika si wafanyakazi wa asbestosi peke yao, bali hata wake zao waliofua nguo za kazi. Mwezi Machi 2024 serikali ya Marekani ilitangaza kupiga marufuku aina ya asbestosi iliyokuwa bado ikitumika nchini humo, na baadhi ya matumizi yakapewa muda wa kumalizika.

Basi vumbi jeusi lililo ndani ya ngoma ya zamani lisipulizwe kwa mdomo wala kwa pampu ya upepo, na lisifagiliwe likiwa kavu. Lilowanishwe kwa maji ya sabuni, lifutwe kwa kitambaa, kitambaa kifungwe katika mfuko na kutupwa. Nguo za kazi zivuliwe nje ya mlango, ziloweshwe kabla ya kufuliwa, na zisichanganywe na nguo za watoto. Ngoma ya zamani isigeuzwe kuwa jiko la mkaa wala chombo cha kunyweshea kuku kabla ya kuoshwa kwa namna hiyo.

Wenye gari la kale la Marekani ni wachache. Lakini ngoma za breki zimo katika malori, katika mabasi na katika ekseli za nyuma za pick-up nyingi za leo, na kila moja imefungwa na mkono wa mtu. Atakayeingia gari asubuhi hawezi kuiona nati ya ndani wala kujua kama ilikazwa kwa kipimo au kwa kubahatisha. Yeye huketi, hufunga mlango na kuondoka na watoto wake. Fundi alinde amana hiyo kwa kupima mara mbili na kukaza mara ya pili. Naye dereva aulize, kabla ya kulipa, ni lini nati hizo zitakazwa tena.